Mikeka ya Msikiti

Kumi na tisa. Nilizihesabu mara mbili, saa nane za usiku, mwezi wa Shaabani, watoto wamelala na feni inavuma. Juu ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya chuo chetu, pahala ambapo tangu 2009 pameandikwa Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, palikuwa na alama za kuuliza zimejipanga safu moja: tatu, kisha nne, kisha sita, kisha sita tena. Kila herufi imegeuka swali. Kiswahili chote kilikuwa salama, hata "Ng'ambo" ilikuwa na koma yake ya juu. Kilichotoweka ni Kiarabu peke yake.

Sababu naijua, ndiyo kazi ninayosomesha skuli. Usiku huo nilikuwa naihamishia tovuti kwenye seva mpya, na hifadhidata mpya niliifungua bila kuiambia itumie jedwali gani la herufi, nayo ikachukua la zamani, lililotengenezwa kwa lugha za Ulaya Magharibi, lenye nafasi 256 basi. Herufi isiyo na kiti humo hupewa alama ya kuuliza, na ikishahifadhiwa hivyo haijulikani tena ilikuwa nini. Faili la nakala ya akiba lilikuwa zima. Nilifuta, nikaanza upya, safari hii nikaichagulia utf8mb4, jedwali linalobeba na Kiarabu, na kabla ya adhana ya alfajiri Bismillahi ilikuwa imerudi. Lakini kwa saa moja na nusu nilikaa na jambo moja kifuani: maneno ya watu waliokwisha kufa yamo mikononi mwangu, na mimi, kwa uzembe wa mstari mmoja, nimeyapoteza.

Tovuti yenyewe si kubwa. Ina darsa za marehemu maalim wetu mkuu, mia nne na kitu, zilizorekodiwa kwenye kanda za kaseti na vijana waliokuwa wakikaa karibu na kiti chake, kisha zikaingizwa kwenye kompyuta kanda baada ya kanda. Ina maelezo ya darsa hizo, ratiba za Ramadhani za miaka iliyopita, na kitabu cha wageni. Kijana mmoja aliyesoma kwetu aliijenga kwa Joomla 1.5, programu ya kuendeshea tovuti, halafu akaenda masomoni, na ufunguo nikaachiwa mimi. Ulikuja kwenye kipande cha karatasi ya daftari: jina la mtumiaji, nywila, na chini yake neno moja, "amana".

Amana hiyo kwa miaka mingi niliitazama kama mtu anavyoutazama ukuta wa nyumba yake. Upo, umesimama. Joomla 1.5 ilitoka Januari 2008 na huduma yake ikasimamishwa 2012. Ikaja 2.5, nayo ikafungwa mwisho wa 2014. Ikaja 3, ikaishi karibu miaka kumi na moja, ikafungwa tarehe 17 Agosti 2023. Mimi bado niko kwenye 1.5. Nilikuwa nikijiambia kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi, na kwamba kukimbilia kipya kila mara ni kiburi cha macho. Maneno mazuri, na yalinipa usingizi.

Kisha siku moja mtu akatafuta jina la chuo kwenye Google akakuta, chini ya jina letu, matangazo ya kamari. Kuna aliyeingia kupitia nyongeza moja ya Joomla ambayo aliyeitengeneza aliiacha zamani, akapanda kurasa zake ndani ya zetu. Tunaokodi kwao seva walipoona wakaifunga tovuti nzima, na walikuwa na haki. Ilifungwa siku kumi na moja. Siku ya nne simu ikalia kutoka Muscat. Ni binti wa marehemu, ameolewa huko miaka mingi, na kumbe kila baada ya Magharibi huweka darsa moja huku akiandaa chakula cha usiku. Hakulaumu. Alisema tu, "Dada, sauti ya baba imekatika."

Nilikwenda kwa Maalim anayeshika chuo sasa, nikamkuta barazani baada ya swala ya Alasiri. Nikamwamkia, nikamweleza yote, na nikamwomba ruhusa: ama nipandishe toleo, ama tuhamie mfumo mwingine. Nilidhani ataniuliza bei. Akaniuliza, "Hiyo programu, mwanangu, mwenyewe nani?"

Nikamwambia walioiandika ni wengi, wako nchi nyingi, na kila mmoja alichoandika ni chake kisheria. Lakini wameitoa kwa leseni ya GPL, ile ya Richard Stallman, toleo la pili, la mwaka 1991. Yeyote aitumie kwa kazi yoyote, aifungue aisome, aibadilishe, ampe mwenziwe. Sharti ni kwamba akimpa mwenziwe ampe na haki hizohizo.

"Wanaweza kurudi wakaidai?"

"Kilichokwisha kutolewa, hapana, Maalim."

"Ikiwa na kasoro ikaniunguzia nyumba, nani mdhamini?"

"Hakuna. Leseni inasema wazi kuwa haina dhamana."

"Sawa. Muuzaji ndiye anayelazimika kutaja aibu ya bidhaa. Aliyekupa bure humdai." Akanyamaza kidogo. "Naona unataka kuiita wakfu, lakini wakfu si huo. Wakfu humtoka mwenyewe moja kwa moja, na kwetu Mashafii miliki yake hurudi kwa Mwenyezi Mungu. Hawa bado wanamiliki, wametoa ruhusa tu. Umekaribia, hujafika."

Nilirudi nyumbani na hilo "umekaribia", na tangu siku hiyo sijaacha kulifikiri. Wakfu unataka kitu kinachobaki huku kikitumiwa: ardhi, kisima, nyumba. Chakula hakiwi wakfu kwa sababu ukikila kimekwisha. Sasa programu ni kitu gani? Ukiitumia haipungui, na wakiitumia milioni haipungui vilevile. Kwa kipimo hicho inafaa kuliko hata kisima, ambacho kiangazi kinaweza kukikausha. Na bado inaoza. Yangu ilioza bila kupoteza herufi hata moja. Msimbo wa 2009 ulikuwa uleule, ila ulimwengu uliouzunguka umeondoka: lugha ya PHP iliyoandikiwa msimbo huo imebadilika, vivinjari vimebadilika, wezi wamejifunza. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe huliwa na mvua na chumvi. Programu inaliwa na kuachwa. Kwa hiyo ule ubora wake wa kutopungua kwa matumizi haunisaidii kitu kama hakuna anayeiangalia.

Hapo ndipo fikihi ya wakfu ilipoanza kunifaa zaidi kuliko vitabu vyangu vya kompyuta. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar akamwendea Mtume kuuliza alifanyie nini, aliambiwa shina lizuiliwe na mazao yatolewe sadaka, na Umar akalifunga kwa masharti: haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi, na anayelisimamia hana dhambi kula humo kwa kiasi. Wanachuoni wakajenga juu yake mlango mzima. Jambo moja wamelikariri sana: matengenezo hutangulia mgao. Kodi ya nyumba ya wakfu ikiingia, kwanza paa, kisha maskini. Ukigawa yote ukaacha paa livuje, umewala maskini wa kesho.

Swali lililonisumbua ni jingine. Nikipandisha toleo kutoka 1.5, hakuna kinachobaki. Mafaili yote ya programu yanafutwa na kuandikwa mapya, sura ya tovuti inabadilika, hata majedwali ya hifadhidata yanapangwa vingine. Je, ni tovuti ileile? Nikipeleka kila kitu kwenye mfumo wa jina jingine kabisa, je, nimelinda amana au nimeibadilisha kwa nyingine bila idhini ya aliyenipa?

Nilipomrudia Maalim na hili akanionyesha kwa kidole mlango wa msikiti. "Mikeka ya ukindu iliyokuwamo humo nilipokuwa mdogo iko wapi?" Sasa mna mazulia. Akaniambia Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 13, ameliandika jambo hili katika kitabu chake Minhaji: mikeka ya msikiti ikichakaa, na boriti zake zikivunjika zikawa hazifai ila kuni, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa inajuzu kuziuza. Lakini msikiti wenyewe ukianguka, hata ikishindikana kuujenga tena, hauuzwi kwa hali yoyote. Mambo mawili, katika pahala pamoja, kwa hukumu mbili. "Wewe kazi yako," akasema, "ni kujua kipi mkeka na kipi msikiti."

Programu ni mkeka. Nilipolisema hilo kwa sauti, mzigo mkubwa ulinitoka. Msikiti ni darsa, ni maneno, ni anwani ambayo watu wameihifadhi na kupeana, ndiyo maana niliilinda kila anwani ya ukurasa wa zamani ielekeze kwenye mpya. Na kama programu ni mkeka, basi kuuchagua ni kama mtu anavyochagua mkeka: nani ameushona, utakaa muda gani, na ukitoboka nani hapa mtaani anajua kuushona tena.

Joomla ina kisa ambacho sisi Waswahili tunapaswa kukijua kuliko wengine wote. Mwanzo ilikuwa Mambo, programu iliyoanzishwa na kampuni ya Miro ya Melbourne, Australia, ikatolewa kwa leseni ya GPL. Mwaka 2005 kampuni ikaunda taasisi ya kuisimamia, na waandishi wake wakaona wamewekwa kando katika uendeshaji wake. Tarehe 17 Agosti mwaka huo walitangaza kwa barua ya wazi kuwa wanaondoka, wakiongozwa na Andrew Eddie. Msimbo waliondoka nao, kwa kuwa leseni iliwaruhusu. Jina hawakuweza, maana jina ni alama ya biashara na lilikuwa la wenyewe. Wakatafuta jina jipya, wakalichukua kwetu: jumla, yote kwa pamoja, wakaliandika kwa tahajia ya Kiingereza ili litamkike. Septemba 2005 wakatoa Joomla 1.0.

Mimi hulisikia neno hilo kila siku sokoni Darajani, jumla na rejareja, na sikuwahi kulihusisha na jina lililokuwa juu ya dirisha ninaloandikia. Muuza duka anajua kuwa anayenunua jumla anabeba gunia zima, pamoja na mchele uliovunjika na mawe. Anayenunua rejareja anachaguliwa ulio mzima. Nilikuwa nimepokea jumla na kuishi rejareja: nilitaka tovuti isimame, sikutaka kujua nani anasahihisha makosa yake usiku.

Nikarudi kwenye kuchagua mkeka. Drupal niliitazama kwa heshima. Ilitolewa 2001 na Dries Buytaert, Mbelgiji, wakati huo mwanafunzi, na jina lake linatokana na neno la Kiholanzi la tone la maji. Ina nguvu kuliko mahitaji yetu. Kuna jambo katika historia yake lililonigusa: Drupal 7 ilitoka Januari 2011, na toleo la 8 lililokuja 2015 lilikuwa limejengwa upya kiasi kwamba maelfu ya tovuti zilishindwa kuvuka. Wakaiahirisha tarehe ya kuifunga 7, wakaiahirisha tena, na tena, hadi 5 Januari 2025. Nilipoisoma nilikumbuka mafunzo ya imamu: anayeswalisha watu afupishe, kwa kuwa nyuma yake wamo mgonjwa, mzee na mwenye haja. Anayeongoza safu hapimi swala kwa magoti yake mwenyewe. Wanaotengeneza programu za wote wana safu nyuma yao, na wengi wa waliomo katika safu hiyo hawana fundi, hawana fedha, hawajui hata kama wameachwa. Kusubiri kuna gharama, najua, kila toleo la zamani linakula saa za mtu. Lakini wale walisubiri, na mimi nawaombea kheri.

WordPress ilikaribia kunichukua, na kwa sababu nzuri. Kwa hesabu za W3Techs inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote, na hapa Unguja fundi wa WordPress utampata kabla ya chai haijapoa. Amana inayotegemea mtu mmoja anayejua ni amana iliyo hatarini, na nikifa mimi leo, nani atafungua? Hoja hiyo bado naiona nzito. Kilichonirudisha nyuma kidogo ni yaliyotokea Septemba 2024, pale ugomvi wa Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wake, na kampuni ya WP Engine ulipofika pahala ambapo seva za kampuni hiyo zilizuiwa kuchota masasisho kutoka WordPress.org. Wateja wasiokuwa na neno katika ugomvi wakakwama, hadi Desemba mahakama ya California ilipoamuru njia ifunguliwe. Msimbo ulikuwa huria siku zote hizo. Kisima ni cha wote, kamba na ndoo zina mwenyewe. Tangu hapo, mtu akiniambia programu fulani ni huria, swali langu la pili ni nani anashika ndoo.

Nilibaki na Joomla. Uwezo wa lugha nyingi umo ndani ya programu yenyewe tangu toleo la 1.6 la 2011, nasi tunahitaji Kiswahili na Kiarabu ubavu kwa ubavu. Jina lake linashikwa na Open Source Matters, taasisi isiyo ya faida iliyosajiliwa New York, na historia yake imekwisha kuonyesha kuwa watu wakikosana msimbo unaweza kutoka mlangoni. Na nimewasomesha mabanati wawili wa kidato cha nne namna ya kuiangalia. Chuo kingine kikichagua vingine sitakuwa na ugomvi nao, mkeka ni mkeka.

Nilichojifunza kwa uchungu ni kitu cha tarehe 14 Desemba 2015. Siku hiyo Joomla ilitoa toleo la 3.4.6 kuziba tundu ambalo wezi walikuwa wameshaanza kulipita. Tundu lilikuwamo tangu 1.5. Matoleo ya 1.5 na 2.5 yalikuwa yamekwisha kufungwa, hakuna aliyekuwa na deni na watu kama mimi, na kwa sheria zao wangeweza kusema tuliwaambia. Wakatengeneza kiraka cha matoleo hayo pia, wakakiweka mtu akichukue. Watu nisiowajua, hawajasikia chuo chetu, walikaa wakafikiria mtu aliyebaki nyuma miaka mitatu. Mimi kiraka hicho sikukiweka. Sikujua kama kipo, kwa sababu sikuwa nikitazama.

Ndiyo maana siku hizi siikubali tena ile kauli yangu ya kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Kwa mkulima haifai, kwa anayesimamia wakfu haifai. Aliyepokea bure hajasamehewa matunzo, amesamehewa bei tu. Sasa Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi ni ya masasisho: nakala ya akiba kwanza, kwenye diski mbili, moja inalala kwangu na moja kwa Maalim, kisha toleo jipya, kisha mabanati wangu wanafungua darsa tano kwa bahati nasibu na kusikiliza mpaka mwisho. Na katika sadaka za chuo, Maalim ameruhusu fungu dogo litengwe kila mwaka kwa ajili ya wanaoiandika programu. Nilimuuliza kama inajuzu, fedha za chuo ziende kwa watu ambao wengi wao si wa dini yetu. Akasema, "Unalipa fundi wa paa. Uliwahi kumuuliza anaswali wapi?"

Safari yenyewe haikuwa ngumu kuisimulia: kutoka 1.5 hakuna njia ya moja kwa moja, kwa hiyo makala zilivushwa kwanza hadi 3, kisha 4, kisha 5, kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, ndipo zikapelekwa kwenye seva mpya usiku ule wa alama za kuuliza. Makala zote zilivuka. Kitabu cha wageni hakikuvuka. Nyongeza iliyokiendesha haina toleo jipya na haitakuwa nalo.

Hapo kipimo cha Maalim kilinipa taabu. Programu ya kitabu cha wageni ni mkeka, hilo wazi. Lakini yaliyoandikwa humo? Wapo waliosalimia tu. Wapo waliotangaza simu zao. Na wapo walioandika wiki aliyofariki maalim mkuu, dua ndefu na fupi, wengine kwa makosa ya tahajia, wengine kwa herufi kubwa tupu kama mtu anayelia. Yapo 312. Kijana wangu mkubwa alisema niyahifadhi kwenye faili na kuliweka mbali, hakuna atakayeyasoma. Nilikaribia kumkubalia. Nikayachapisha, nikayapeleka barazani, nikamsomea Maalim moja baada ya moja, yeye amefumba macho. Matangazo alisema yaondoke. Salamu alisema zibaki. Tulipofika la 88 nilisita, kwa kuwa halikuwa na jina wala tarehe, na koma zake zimekosewa. Lilisema tu, nimeisikia sauti yake leo nikiwa mbali, nimelia.

"Nilisahihishe, Maalim?"

"Liache kama alivyoliandika."

Nayaandika upya kwa mkono, kumi kila usiku baada ya Isha, kwenye makala moja ndefu. Jana nimefika la 140.